Mikono Ndani ya Ghala la Pamba

Mpiga picha yule hakuwa na kamera, na hilo ndilo lililomtia Apolonia wasiwasi. Mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, mtu wa kucha za kahawia, anayenuka siki, anazunguka Ngulyati na boksi la karatasi kwapani, akilipa jua mgongo kama anaficha mayai! Akifika uani husalimu taratibu kwa Kisukuma, “Mwangaluka, mayu,” yaani umeamkaje, mama, kisha huomba mkono uwekwe juu ya karatasi, juani. Karatasi hugeuka zambarau, alama ya mkono hubaki nyeupe.

“Ni ya maonyesho ya Saba Saba,” mpiga picha alimwambia.

“Ni orodha ya nyumba za kubomolewa,” Apolonia alimjibu, akakataa. Kumbe mumewe alishaweka wake. Basi Apolonia akaingia ghala la pamba, ambamo karatasi za mikono ya kijiji kizima zilitundikwa gizani, akafungua madirisha yote. Mwanga ukazipiga karatasi, alama zikaanza kufifia. Mpiga picha akaja, akatazama, asigombe. Akaketi juu ya gunia.

“Ahsante, mayu. Hata mimi ningeyafungua siku ya Saba Saba. Watu waje waone alama zao zikipotea.”

“Na majina umeyaandika wapi?” akauliza Apolonia, asibanduke pale mpaka mkono wa mumewe ulipozama kabisa katika zambarau.