Mieleka Yangu Kwenye Raga

Ekai ni nyoka, nitasema hata mbele ya mamake. Mimi mpiga mieleka wa mji wa Bor, raga sikuwa nimewahi kuiona, nikapewa vijana wa kambi ya Kakuma niwafundishe. Tukishinda mechi ya Lodwar, naajiriwa kuwa kocha. Asubuhi walikimbia mchangani wakibebana. Jioni niliwaambia, ukimwangusha mtu, mlalie mpaka mwamuzi akutangaze mshindi.

"Hapo sawa, mzee!" Ekai, msaidizi wangu, alinisifu kila siku.

Huko Lodwar, Majok, mmoja wa vijana wangu, akamwangusha mtu, akamlalia. Wenzake wakasimama kumshangilia. Wapinzani wakaokota mpira, wakafunga.

"Toka juu yake!" mwamuzi akafoka. "Nani kawafundisha upuuzi huu?"

Ekai akaninyooshea kidole. "Huyu mzee. Mimi raga nimecheza tangu shuleni, lakini hakuniuliza."