Kukaa Kitini Siku ya Kipaimara

Mwanasaikolojia wangu ana umri wa binti yangu wa kwanza, na ofisi yake iko ghorofani mjini Moshi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Wewe unamweleza jinsi moyo unavyokwenda mbio, huko chini wanakata nondo. Siku ya kwanza nilimwambia mtu anaweza kupanda ngazi zile akiwa mzima na akashuka mgonjwa. Akatabasamu, akaandika. Wananiudhi sana watu wanaoandika ninapotania.

Sikwenda kwa kupenda. Mimi ni mtu wa nyumbani, ningeweza kuyamaliza maisha yangu yote Kirua Vunjo, kati ya jiko langu na banda la ng'ombe, na mjini wasinikumbuke. Shule niliishia kidato cha nne, tena cheti chenyewe nakiweka chini ya nguo. Ila napika. Nilianza na shughuli za ukoo wetu, majirani wakaniazima, na sasa kuna watu mpaka Holili ambao hawapangi tarehe ya harusi kabla hawajaniuliza kama nina nafasi. Wenzangu wanaiita hiyo sifa. Mimi najiona tapeli ambaye bado hajakamatwa. Shughuli ikiisha vizuri sisemi nimeweza, nasema leo tena hawakugundua. Na ikikaribia nyingine mikono inatetemeka, kifua kinabana, naonja mchuzi mpaka ulimi unakufa ganzi. Hospitali walinipima moyo wakasema hauna kasoro yoyote. Ndipo wakanielekeza kule kwenye nondo.

Kisha mwenye hoteli moja ndogo ya watalii kule Marangu akala mtori wangu wa ndizi na nyama kwenye harusi moja, akanifuata hadi nyumbani. Alitaka niwe mkuu wa jiko lake, na jibu alilihitaji Jumatatu. Mimi jibu nilishalitunga: asante sana, lakini nina ng'ombe. Na kazi yenyewe nilikuwa naitaka mpaka najionea aibu.

"Kwa hiyo ng'ombe ndio wamekataa?" binti wa ghorofani akaniuliza.

"Mwanangu, ng'ombe waache. Wana shida zao."

"Sawa, mama. Siku moja usiposimamia jiko, kitatokea nini?"

"Chakula kitaharibika, na watu watajua."

"Watajua nini?"

Maswali gani haya? Watajua! Nikageukia dirishani.

Basi akanipa kazi ya kufanya nyumbani, kana kwamba nimerudi kidato cha pili. Jumapili ile kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyeolewa hapo chini yetu tu. Niende kama mgeni. Nikae kitini chini ya turubai, nile nitakacholetewa. Nisikanyage jikoni, nisitume mtu jikoni, wala nisijieleze kwa yeyote. Baada ya hapo, Jumatatu nijibu nitakavyo.

Kwao huyu binti ni wapi, sikumuuliza. Najua tu kwamba mtu wa huku mlimani asingethubutu kuagiza jambo kama lile. Huku kwetu, mwanamke anayekaa kitini wakati wenzake wanamenya ndizi ni mgonjwa, au amefiwa, au amegombana na mwenye nyumba.

Nikaenda, nikakaa. Mume wangu akanipitia na kikombe chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi. "Umependeza," akasema. "Kama picha ya mgombea ubunge."

"Niondokee."

Huko nyuma ya nyumba moshi ulikuwa mzito, nikajua wametia kuni mbichi. Baadaye kidogo ikaja ile harufu ya ndizi inayoanza kushika chini ya sufuria. Nilikishika kiti kwa mikono miwili kama mtu aliyepakiwa kwenye pikipiki. Shangazi wa mume wangu akasimama mbele yangu na beseni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna msiba?"

"Hapana, shangazi. Nimekaa tu."

"Umekaa tu," akarudia taratibu. Akageuka na beseni lake, akarudi alikotoka.

Hata soda yangu sikuimaliza. Nilipoinua macho walikuwa wanakuja watatu: shemeji mkubwa wa wifi yangu, ambaye ndiye mzee wa ukoo wao, kisha shangazi, na nyuma yao wifi mwenyewe, majivu kwenye nyusi, ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Isale ni yale majani marefu tunayopanda mipakani na makaburini. Mtu akikukosea akakuletea, huna ruhusa ya kukataa kusamehe. Sasa mimi nimsamehe wifi yangu kitu gani? Nikilipokea, nimekiri kwamba kosa lipo. Nikilikataa, nimevunja ukoo. Nilimfikiria yule binti na kalamu yake, nikatamani nimlete akae kwenye kiti changu.

"Mama," mzee akasema, "kosa hatulijui. Lakini wifi yako anaomba."

"Mzee wangu, hakuna kosa!"

"Ndivyo wanavyosema wenye hasira kubwa," shangazi akasema.

Wifi akaanza kulia. "Ni ile gauni yako ya Pasaka, si ndiyo? Nilisema imekubana, lakini nilisema kwa upendo!"

"Kumbe ulisema imenibana?"

"Si umeambiwa?"

"Naambiwa sasa hivi, na wewe!"

Mzee akatazama viatu vyake. Nikaona tukiendelea hivi mpaka jioni nitajua mengi nisiyoyahitaji. Nikalipokea lile jani, na masharti ya ghorofani nikayavunja palepale.

"Wifi, sina kinyongo. Nimekatazwa kuingia jikoni. Kuna mtaalamu mjini ninamwona, wa mambo ya wasiwasi. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kupika."

"Anaogopa kupika!" Shangazi akamgeukia mzee, kama mtu aliyeambiwa mchungaji anaogopa kanisa.

Nilidhani wifi atacheka. Akajifuta machozi kwa kanga, na nilichoona usoni mwake ni hasira.

"Unaogopa wewe? Na mimi je? Kila shughuli unainamia sufuria yangu, unaonja, unanyamaza, unaongeza chumvi. Afadhali ungenitukana! Leo nimekuona umekaa hapa nikajua basi, umenichoka, hata kunisahihisha hutaki. Na mtori umeungua kwa sababu nilikuwa nakuchungulia wewe!"

"Umeungua?" Nikainuka.

"Kaa!" wifi akanifokea.

Nikakaa. Yeye akarudi jikoni, akitembea kama mwenye nyumba.

Mtori ukaletwa. Ulikuwa umeungua kweli, si wa kusingiziwa. Nikaushusha kooni huku nikitazama nyuso za watu, nikingoja. Mzee akaonja, akakunja uso.

"Leo umeshika chini. Nani kapika?"

"Mimi," wifi akajibu toka mlangoni, mikono kiunoni.

"Ila nyama umeweka. Niongezee."

Ikaishia hapo. Wakahamia kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, wakaanza kubishana juu ya mbavu. Ningesema nilifarijika, lakini ukweli nilikasirika. Hii ndiyo hukumu yenyewe? Mtu anakunja uso, anauliza nani, anaomba bakuli la pili? Kwa hili nimekosa usingizi tangu ujana wangu, na nimemfanya wifi yangu atetemeke na mwiko nyumbani kwake mwenyewe? Nilitamani kumdai mtu, sikujua nimdai nani.

Jumatatu nikampigia yule mwenye hoteli. Hofu ilikuwa palepale, simu nusura initoke mkononi. Nikamwambia nakubali. Nikaongeza kwamba jikoni kwangu wapo watakaopika bila mimi kuwainamia, na zipo siku mtori utaungua.

"Hata sasa hivi hapa hotelini unaungua, mama," akasema. "Utaanza lini?"