Malkia Ndani ya Kiberiti

Baba yangu alifuga nyuki Tabora tangu kabla sijazaliwa, na mimi mwanawe nimewaogopa nyuki maisha yangu yote. Nalitanguliza hili kwa sababu bila woga huo nisingekuwa na la kusimulia. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, China, nikinunua madaftari, kalamu na vikaragosi vya plastiki pale Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, kisha navipakia kwenye kontena la kuchangia lililoondokea bandari ya Huangpu. Chumba nilipanga pamoja na mfanyabiashara mwenzangu wa Unguja, mtu wa mzaha na wa sala zake tano, aliyekijua Kichina cha sokoni kuliko sote tuliokuwa tukimfahamu.

Kabla sijaondoka nyumbani safari ile, presha ya macho ilikuwa imeshamla baba jicho moja. La pili lilibaki na kitundu cha mwanga katikati, na daktari alimwambia waziwazi kwamba nalo lingekwenda. Baba hakulia wala hakulaani. Alichouliza ni atavunaje.

Lilikuwa swali la haki. Asali yake ilisifiwa mji mzima kwa usafi, na usafi huo ulitoka machoni mwake. Alipofungua mzinga alijua sega hili lina asali tupu na lile lina majana, yaani watoto wa nyuki, na sega la majana hakuligusa. Ukikamua majana pamoja na asali, asali inachacha na mnunuzi anaikataa, na wewe umeua kundi lako kwa mikono yako. Sasa mtu asiyeona atajuaje anakata nini?

Afisa nyuki mmoja alikuwa amemweleza habari za wavu unaolazwa kati ya sanduku la chini na sanduku la juu la mzinga. Nyuki vibarua wanapenya kwenye nafasi zake na kwenda kuweka asali juu. Malkia ni mpana kuliko wao, hawezi kupita, kwa hiyo anataga chini tu. Kilichoko juu ya wavu ni asali, hakihitaji kuchaguliwa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kumbe hata kipofu anaweza kuvuna." Nyavu zenyewe hazikupatikana kwetu. Lakini mwanawe alikuwa anakwenda China, na China, kwa mawazo ya watu wa mtaani kwetu, hakuna kisichouzwa.

Asubuhi ya kuondoka alinipa kiberiti kilichofungwa uzi mweusi. Ndani kulikuwa na pamba, na juu ya pamba nyuki watano wakavu: vibarua wanne na malkia mmoja. Alikuwa amemtafuta malkia huyo kwa siku tatu, katika mzinga mpole kuliko yote mitano, ameinama na kile kitundu chake cha mwanga, akigeuza sega moja baada ya jingine.

"Nyuki hawalingani nchi zote," aliniambia. "Fundi wa huko ampimishe huyu kwenye wavu. Akipita, usinunue. Vibarua wakikwama, usinunue. Mwanangu, nimemuua malkia wangu kwa ajili hii. Usimpoteze."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Uwanja wa ndege wa Guangzhou ulinikuta na fomu mkononi, iliyouliza kama nimebeba mimea, mbegu, wanyama au wadudu. Mbele yangu mama mmoja alikuwa amefunguliwa begi, samaki wake wakavu wametandazwa mezani, na askari watatu wanamsemesha kwa pamoja. Nilijiona ninarudishwa, mtaji wangu umelala, kisa wadudu watano waliokufa. Niliingia chooni, nikakitoa kiberiti mfukoni na kukisukuma chini kabisa ya karatasi kwenye pipa. Nilipofika mezani askari alinipungia mkono nipite. Hakugusa hata mkoba.

Nilijilaumu mpaka nafika chumbani. Baada ya hapo nikaanza kujitetea, na kujitetea nakuweza sana. Nilijiambia nyuki ni nyuki, na Wachina si wajinga, watajua.

Muuza vyakula vikavu mmoja wa Yide Lu, aliyekuwa na mitungi ya asali kati ya uyoga na samaki wake, ndiye aliyetuelekeza kwa mfugaji. Tulikwenda Jumapili moja, mimi na Mzanzibari wangu kama mkalimani, mabasi mawili na mwendo wa miguu hadi kwenye mashamba ya matunda ya laichi nje ya mji. Miti ilikuwa imechanua na shamba zima lilivuma. Mimi nilisimama mbali. Mfugaji alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, asiyevaa glavu wala chandarua cha uso, na aliniangalia nilivyojikunyata akatabasamu kidogo.

Nyavu alizitengeneza mwenyewe, si za waya bali za mianzi: fito nyembamba kama njiti za mishikaki, zimepangwa sambamba ndani ya fremu ya mbao, zimepigwa msasa mpaka hazina mwiba. Alikuwa na aina mbili. Zenye nafasi finyu zilikuwa za nyuki wa kienyeji, wadogo na weusiweusi. Zenye nafasi pana zilikuwa za nyuki wa manjano wenye asili ya Ulaya. Tofauti kati ya nafasi na nafasi ilikuwa ndogo hata sikuiona mpaka aliponiwekea moja juu ya nyingine.

Kisha akatuonyesha kazi yake. Alimtoa malkia mmoja wa manjano kwa vidole viwili, akamweka juu ya wavu mpana. Malkia aliingiza kichwa, akasukuma, akagoma. Mzee akasema kitu na kujigusa kifua.

"Anasema si tumbo linalomzuia," alitafsiri mwenzangu. "Tumbo hujiminya likapita. Kifua ndicho kigumu. Sasa laoban, yaani bosi huyu, anauliza nyuki wenu wana saizi gani. Anataka kumwona mmoja. Unaye?"

"Sinaye."

Mzee akasema kwa utaratibu kwamba basi nisinunue. Niandike barua nyumbani, niletewe nyuki, nirudi. Nyavu zake hazikimbii.

Hapo ndipo ningeweza kuokoka. Lakini kontena lilikuwa linafungwa wiki ileile, na kumwandikia baba kungekuwa kumwambia kiberiti kiko wapi. Tena, Mungu anisamehe, kulikuwa na majivuno. Nyuki niliyemjua mimi ni yule aliyenikimbiza utotoni mpaka nikajitupa kwenye kisima cha kunyweshea ng'ombe. Kwangu nyuki wa nyumbani alikuwa kama ngumi.

"Mwambie ni wakubwa," nilisema. "Mwambie nyuki wa Afrika hawana mchezo."

"Wakubwa kupita hawa wa manjano?"

"Wewe mwambie tu!"

Mzanzibari aliniangalia, akacheka, akatafsiri. Mzee naye alicheka, akafanya mkonga wa tembo kwa mkono wake, na sote watatu tukacheka. Nilinunua nyavu pana tano. Nilikuja kujua baadaye, kutoka kwa kila niliyejali kumuuliza, kwamba nyuki wetu ni wakali lakini ni wadogo kuliko wale wa manjano. Walikuwa wakubwa katika hofu yangu tu.

Siku hizo simu ilikuwa ghali na baba hakuweza tena kusoma barua, kwa hiyo tuliongea kwa kanda. Alizungumza kwenye redio kaseti yake, kanda ikasafiri na mtu mpaka Dar es Salaam, na mwingine akaibeba mpaka kwetu Guangzhou. Kanda ya kwanza baada ya kontena ilikuwa na furaha tele. Nyavu zimefika. Amezipapasa usiku na mchana, hajawahi kushika mianzi laini namna ile, fundi huyo apewe salamu. Halafu sauti ikashuka.

"Vidole vyangu vinaniambia nafasi ni pana kidogo. Lakini vidole vya mzee navyo vina uongo wake. Hebu niambie, yule malkia ulimpimisha?"

Nilirekodi jibu siku hiyohiyo, Mzanzibari akiwa msikitini. Nilisema, "Nilimpimisha, baba. Aliingiza kichwa, akasukuma, akagoma. Fundi anasema si tumbo, ni kifua." Kila neno nililisema kama nilivyoliona, isipokuwa malkia hakuwa wake. Nilijisikia vibaya, lakini si sana. Hilo ndilo linalonitisha nikikumbuka.

Kanda ya pili ilifika baada ya msimu wao wa asali. Tuliisikiliza wawili, tumekaa juu ya mabunda ya madaftari, maana mwenzangu alizoea kumsikiliza baba na alikuwa akimwita mzee wetu. Baba aliongea polepole, kama mtu anayesoma.

Kile kitundu cha mwanga kilikuwa kimeziba. Alivuna bila kuona, peke yake, alikataa kusaidiwa, kwa sababu alikuwa na wavu. Alipiga moshi, akafungua sanduku la juu la mzinga wa kwanza, akakata. Vidole vikazama kwenye kitu laini. Alidhani ni nta changa. Akakata tena. Alipouweka mkono mdomoni ndipo alipojua amekamua majana. Masanduku yote matano ya juu yalikuwa na majana.

"Nimekaa nikafikiri sana," kanda iliendelea. "Nyavu ni nzima, nimezipapasa ufito kwa ufito. Fundi ni fundi. Na wewe ulimpimisha, akagoma. Basi aliyekosea ni mimi. Niliyemtia ndani ya kiberiti hakuwa malkia, alikuwa dume. Dume ana kifua kipana, ndiyo maana aligoma hapo wanapopita malkia. Siku tatu nilitafuta, mwanangu, na nikakuletea dume. Mtu asiyemjua malkia wake mwenyewe hana haki ya kukaa na nyuki. Mizinga nimewapa majirani. Usihuzunike, wewe ulifanya sehemu yako."

Kanda ikabaki inazunguka bila sauti. Mzanzibari aliizima. Hakuwahi kuniuliza malkia alikwenda wapi, lakini alikuwepo kule shambani niliposema sinaye, na hakuwa mtu wa kusahau.

"Ewe," alisema, na hakukuwa na mzaha, "mzee anajihukumu kwa dhambi yako. Na weye umekaa hapo kimya?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba hayamhusu. Alichukua mswala wake, akatoka.

Nilikaa na kitufe cha kurekodi wiki nzima. Nilianza mara nyingi na kufuta mara nyingi, kwa sababu kila mara niliwaingiza wale askari na yule mama wa samaki wakavu, na ukweli ukawa unageuka kesi ya kujitetea. Mwisho nilisema yote kwa dakika mbili. Kiberiti nilikitupa kwenye pipa la choo cha uwanja wa ndege. Sikumpimisha malkia wako. Niliposema aligoma, nilimsema malkia wa Mchina. Nyavu nilizikosea kwa majivuno, na za saizi yake zipo, nafasi finyu, nitazileta mwenyewe. Nikasema nisamehe, nikazima. Mzanzibari, aliyekuwa anarudi kwao mwezi ule, aliibeba kanda kwenye mfuko wa shati.

Jibu lilichelewa mno. Nilishafikiri hatajibu. Kanda yenyewe ilipofika ilikuwa fupi, nikaisikiliza nimesimama.

Baba alikohoa, akanitaja kwa lile jina la utotoni ambalo ni yeye tu aliyelitumia. Alisema majirani wanaitunza mizinga vizuri, na kitu ulichompa mtu humnyang'anyi, kwa hiyo nyavu nyingine nisilete. Jogoo akawika nyuma yake. Kisha akasema:

"Kwa hiyo alikuwa malkia. Siku ile bado nilikuwa naona."