Majani Chai ya Jumapili

Harufu ya samaki akikaangwa ikinipata Mombasa, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutazama kucha zangu. Msinicheke, nitawaeleza.

Watu wa kwetu Kericho wakitaka kwenda Mombasa hunipigia simu mimi. Nimepeleka majani chai bandarini kwa lori langu mwenyewe, leo ni malori matatu, na darasa la sita sikumaliza. Nawaambia asubuhi wale mahamri na mbaazi kule Mji wa Kale, jioni watembee ufukweni Mama Ngina wakitafuna mihogo ya pilipili. Lakini samaki wasile popote mpaka wanipigie tena. Mimi siamini hoteli yenye kitambaa mezani. Kitambaa kinaficha kitu. Natazama jicho la samaki, kisha natazama wanaokula, nani ameupa mlango mgongo. Shaka hii niliipata nyumbani, karibu na Kapsoit, nikiwa na miaka tisa hivi.

Kwetu siku hizo samaki hakuwa chakula. Nyanya yangu alisema ni nyoka aliyehamia majini. Baba, mzee wa kanisa, alilisema hilo kwa sauti kubwa kuliko yeye, hasa majirani zetu wa upande wa ziwa wakipita na omena, wale dagaa wao.

Lakini kila Jumapili baada ya ibada baba alienda Kericho mjini "kuona mtu". Mtu huyo hakuwa na jina. Mama hakuuliza. Jioni alimmiminia maji ya kunawa, mimi nikishika beseni, na macho yake hayakutoka kwenye vidole vya baba. Kucha zilikuwa nyeusi, zile za mtu aliyechuna chai. Na Jumapili hakuna anayechuna. Kituo cha majani kimefungwa, hata vikapu vimelala.

"Kuna mwanamke ana shamba," mama aliniambia jikoni, akigeuza ugali kana kwamba ugali ndio umekosa. "Baba yako anamchunia. Mimi hapa nachuna peke yangu na mgongo unauma, yeye anaenda kuchunia mtu Jumapili ya Mungu."

Kwetu mume akilala nje, wazee wataketi na neno litaisha. Lakini mume akichuna chai ya mwanamke mwingine, huyo ameshahama.

Jumapili iliyofuata nguo za mama zilikuwa ndani ya gunia. "Utaenda na baba yako," akasema. "Ukirudi uniambie ukweli. Kama yuko, kesho narudi kwetu Kimulot."

Baba hakufurahi kunichukua, lakini angekataaje? Kericho tulipita nyuma ya soko, tukaingia kibanda cha mabati chenye moshi. Mwanamke mnene akainua kichwa.

"Mzee, leo umechelewa. Kiti chako nimekiwekea. Na huyu ndiye Kibet?"

Alijua jina langu. Alikuwa na kiti cha baba, kimegeuzwa kuangalia ukuta. Nikaanza kutafuta kwa macho shamba lake liko wapi.

Kisha akaleta sahani, na juu yake yule nyoka wa nyanya yangu, mzima, na kichwa, na jicho likinitazama. Baba akavua kofia. Sijawahi kuona mtu akila kwa heshima namna hiyo, hata kwenye meza ya Bwana.

"Mama Achieng ni mpishi tu," akaninong'oneza. "Kula. Na nyumbani, kimya."

"Mama anasema ni mwanamke."

Akatafuna polepole. "Wacha aseme hivyo. Mwanamke, wazee watanitoza mbuzi. Samaki, watanicheka mpaka kaburini."

Nilikula. Nilikula hata mkia. Njiani kurudi, baba akachuna majani mabichi ya chai kando ya barabara, akayaponda, akasugua mikono yake na yangu mpaka harufu ikaisha. Alijiona mjanja sana.

Mama alitungoja na maji. Akamimina, akaona kucha za baba, kisha zangu.

"Hata mtoto," akasema taratibu. "Hata mtoto mmemchunisha." Akaweka birika chini, akaenda kuchukua gunia.

Baba alikuwa akitazama beseni. Nikaona hatasema, kwake heri mama aende Kimulot kuliko yeye kuchekwa.

"Mama, tulikula samaki."

Gunia lilisimama mlangoni. Mama akarudi, akashika mkono wa baba, akaunusa kwa muda mrefu, kati ya vidole.

"Miaka yote hii," akasema. "Na hukuniletea hata kichwa?"

Baba hakunisemesha mwezi mzima. Lakini Jumapili iliyofuata, kule nyuma ya soko, viti viwili viliangalia ukuta.

Siku hizo nilidhani mama alimwogopa mwanamke. Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima, na nyumba yangu, na uongo wangu mdogo mdogo: kilichomuuma ni raha ya mtu wake ambayo yeye hakuitiwa.

Mombasa nina meza yangu, na samaki wa pale sitawaambia bure. Ila kule hakuna jani bichi la chai la kusugua mikono. Kwa hivyo huwa naenda na mke wangu.