Joho la Mjane wa Mnarani

Dada yangu mkubwa ni fundi cherehani, na kwa miaka sita amegombana na mjane ambaye hayupo duniani wala ahera. Mjane huyo yumo ndani ya mchezo wa mtandaoni, wa mapanga na mazimwi, ambao dada aliuanza miaka kumi na moja iliyopita siku moja umeme ulipokuwepo na wateja hawapo. Kompyuta ameiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na pasi. Mimi nashona viatu upande wa pili wa chumba hichohicho, kwa hiyo nimeusikia mchezo huo kuliko redio.

Sipendi kubishana, na dada anajua, ndiyo maana malalamiko yote humwagiwa mimi. Huko mchezoni kila mwanakijiji ana shida zake. Mmoja anataka mikia kumi ya panya. Ukimpelekea, anataka ishirini. Dada husema waliotunga kazi hizo hawajawahi kutumwa na mama mkwe. Lakini zipo hadithi anazozipenda hadi chai inapoa, na anayoipenda kuliko zote ni hii ya mjane anayekaa mnarani akimngoja mumewe aliyekwenda vitani. Unatumwa kwenye uwanja wa vita, unalikuta joho la mume limechanika, unampelekea. Basi. Hata mimi ningeweza.

Dada hakuweza. Alipoona joho limepasuka toka begani hadi kiunoni, alisema mtu hapelekewi nguo ya marehemu katika hali ile. Mchezo unaruhusu kushona, akatafuta uzi, akalishona likawa kama jipya. Alipompelekea mjane, akaulizwa swali lilelile la mwanzo: "Umemwona mume wangu?" Kazi ilitaka joho lililochanika. Lililoshonwa mjane halitambui, na kazi ile hutolewa mara moja tu.

Wateja wanaoleta nguo zikiwa hoi dada huwaambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliuziba ufa, na ukuta akajengewa palepale.

Jumatatu moja mwaka huu wenye mchezo walitangaza kwamba Ijumaa saa sita mchana hadithi za zamani zingeondolewa, ya mjane ikiwemo. Kuanzia hapo dada hakuwa na akili. Alishona sare yenye mikono miwili ya kushoto. Nikamwambia awaulize wenzake wa kikundi cha mchezo. Akasema hawezi kujianika mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe.

"Uliza wewe," akasema. "Wewe hawakujui."

Mimi, ambaye mteja akisahau viatu vyake naona haya kumpigia simu. Nilishinda Alhamisi nzima nikiandika na kufuta, kidole kimoja kina gundi. Nilipotuma, jibu lilikuja kabla sijainuka. Mtu anayejiita Radi alisema dada alivae joho, aende kwa mbwa mwitu, asipigane. Wakimrarua vya kutosha litachanika tena.

"Nichane mshono wangu mwenyewe?"

"Dada, si unafumua nguo kila siku?"

"Nafumua kwa sababu."

Nikamwambia sababu inamngoja mnarani mwaka wa sita huu. Akairudia cherehani yake, na siku hiyo hatukusemeshana tena.

Ijumaa saa tano na nusu mteja alisimama mlangoni na suruali iliyoharibika zipu. Akaambiwa angoje. Dada alimvalisha mtu wake wa mchezoni joho, akamwingiza msituni, kisha akaikalia mikono yake yote miwili isije ikapigana. Mbwa mwitu wakamrarua. Kila walipong'ata alisonya. "Ona pindo hilo. Ona wanavyolifanya pindo."

Joho likachanika, na ilibaki dakika kumi alipofika mnarani. Mjane akalipokea joho, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita akasema neno jipya. "Ni lake. Sasa najua harudi."

Dada akasogea karibu na kioo. Nami nikaacha nyundo. Kisha maneno mengine yakatokea: "Naona una mikono ya fundi. Nishonee."

Kazi iliyofuata ilikuwa kulishona joho.

"Si nilikuwa nimeshalishona," dada akasema polepole, kama anayeongea na mgonjwa. "Nilikuja nalo limeshonwa. Nimesimama hapa miaka sita limeshonwa."

Mteja akauliza nani amefiwa.

Dada alishona. Uzi wa zamani ulikuwa umebaki mkobani mwake huko mchezoni. Alimkabidhi joho zikiwa zimebaki dakika mbili, mjane akalivaa, akashuka ngazi za mnara. Saa sita kamili mnara ukatoweka na pakabaki nyasi.

Dada aliivuta suruali ya mteja, akaanza kuifumua zipu.

"Waliotunga kile kitu," alisema, "hawajui hata hatua za kazi." Halafu akafuta macho kwa mguu wa suruali, mteja akimtazama.