Mama Ruzuku na Herufi Moja

Chuoni wanamwita Mama Ruzuku, na wakimwona anakuja na kompyuta kwapani, watafiti wa maabara hukumbuka ghafla kwamba wana kikao. Meza yake na yangu zimegusana, kwa hiyo hasira zake nazijua kuliko mumewe. Kazi yake ni kuwahimiza watafiti wa afya waache kungojea fungu la serikali linalopungua kila mwaka, wabishe hodi kwingine: vyama vya wagonjwa, viwanda, mashindano ya ubunifu. Na watafute wenzao wa kushirikiana nao. Ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," huwaambia.

"Chawa ninao, Mama," mmoja alimjibu. "Vidole ndivyo vimenuniana."

Na kweli vimenuniana! Watu wanapishana korido moja miaka nenda rudi, hakuna anayejua jirani anatafiti nini. Mwingine alimwambia usoni kwamba yeye ni mwanasayansi, si ombaomba. Siku hiyo Mama Ruzuku alibamiza mlango hadi kalenda ikaanguka.

"Mwanasayansi!" alifoka. "Sampuli zimeoza kwenye friji, maringo bado mabichi!"

Aliyemsikiliza alikuwa mmoja tu, daktari kijana anayetafiti vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, vile visivyopona. Alikuwa na bandeji mpya ya majaribio, na wagonjwa wameanza kupata nafuu. Ila fedha zilikuwa zinaisha mwisho wa mwezi. Zikiisha, kliniki yake ya utafiti inafungwa na wagonjwa wanarudi nyumbani na vidonda vyao. Mama Ruzuku alichakura mpaka akapata mfadhili, mwenye sharti moja: daktari aombe pamoja na mhandisi atakayebuni kifaa cha kupima kidonda. Akagonga milango ya wahandisi wote. Wote wana shughuli, masikini! Akabaki profesa mmoja wa karakana, mzee mkali kama pilipili.

Daktari akasema huyo atamwandikia mwenyewe. Jamani, mtu anayeshinda akiandika fomu za ridhaa za wagonjwa, unamwachiaje amwandikie profesa? Akatuma ujumbe wa simu: "Profesa, naomba uwe mshiriki katika utafiti wangu wa vidonda. Kushiriki ni hiari na unaweza kujitoa wakati wowote." Alitaka kuandika mshirika, yaani mwenzake wa kazi. Mshiriki, kwa watafiti, ni yule mgonjwa anayefanyiwa majaribio. Mkono ulifuata mazoea.

Profesa alipiga simu ofisini kwetu akifoka hata bila salamu. Maombi yalitakiwa kesho yake. Mama Ruzuku akanishika mkono. "Twende wote. Nikienda peke yangu nitamtukana."

Karakana ilinuka waya zilizoungua. Profesa alikuwa ameketi mbele ya mashine ya oksijeni iliyofunguliwa, utumbo wote nje. Hakuinuka.

"Nani amewaambia?" akauliza.

"Ametuambia nini, Profesa?"

"Msinifanye mtoto. Habari za mguu wangu!"

Tukatazamana. Ndipo nikaona: mguu mmoja una kiatu, wa pili umo kwenye ndara, umezungushiwa kitambaa. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini huyu alifichuliwa na herufi. Mama Ruzuku akamweleza kosa la daktari. Profesa akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Kidonda cha kisukari kilikuwa hakijafunga tangu mvua zilizopita. Hata kwa mkewe alisingizia kiatu kinambana.

"Nenda hospitali leo hii," Mama Ruzuku akasema.

"Nimekwenda. Wanazungumzia kukata." Akakaza kitambaa mguuni. "Basi niandikeni vyote viwili, mshirika na mshiriki."

"Haiwezekani. Kamati ya maadili hairuhusu mtafiti awe mgonjwa wa utafiti wake mwenyewe."

"Na nikichagua kuwa mgonjwa?"

"Maombi hayaendi. Wahandisi wengine wote wamekataa. Kliniki inafungwa."

"Kwa hiyo nikiwa mgonjwa, bandeji haipo. Nikiwa mtafiti, bandeji ipo ila si yangu."

Nilitamani kumzaba mtu kofi, sikujua nani. Profesa akavuta kompyuta tuliyokuja nayo, fomu ya maombi ikiwa wazi. Mama Ruzuku, ambaye maisha yake yote ya kazi amewabembeleza watu wakubali, akaweka kiganja juu ya kibodi.

"Kataa, Profesa. Nakusihi, baba, kataa. Nitatafuta mhandisi mwingine."

"Si umesema wote wamekataa?"

"Nitawapigia magoti!"

"Mpaka kesho?"

Machozi ya hasira yalikuwa yanamtoka Mama Ruzuku na hakuyafuta. Profesa akausogeza mkono wake taratibu.

"Wagonjwa wa yule kijana nao wana miguu," akasema. Akaandika jina lake kwenye nafasi ya mshirika, kisha akauliza kama cheo kinaandikwa kwa kirefu au kwa kifupi. Mama Ruzuku alikuwa amegeukia ukuta. Nilimjibu mimi.