Wino wa Mabibo

Nikipita penye mabibo yaliyoiva mikoroshoni, ile harufu tamu ya kukaba koo hunikumbusha kasha jeupe la Mama, kule Newala. Lilisimama kwa miguu minne katikati ya shamba la majaribio ya mikorosho. Ndani mlikuwa na mashine ya zamani ya kupima joto: pipa dogo lililozunguka polepole kwa mtambo wa saa, limevishwa karatasi, na kalamu nyembamba iliyochora mstari. Joto likipanda, mstari nao unapanda.

Mama aliitunza, na kwa kazi hiyo tulikula. Basi wino ukaisha. Ule wenyewe ulitoka ng'ambo, na bei yake hata kuitamka ilikuwa aibu. Wino wa shule nao ulikauka kabla ya adhuhuri, karatasi ikabaki tupu. Mkaguzi, kijana kutoka Mtwara, akasema, "Mama Zuhura, ikiwa tupu tena, mashine naiondoa."

Bibi akaguna. "Maji ya bibo yamewahi kutoka kwenye nguo ya nani?" Akakamua mabibo, akatia asali ili yasikauke. Mstari ukachoreka, wa kahawia, mzuri kabisa. Mama akapiga kigelegele peke yake shambani.

Mkaguzi aliporudi, alifungua kasha, akainama kuitazama karatasi. Mstari ulipanda, ukashuka, ukazunguka, ukatoka nje ya karatasi. Akamgeukia Bibi, aliyekuwa amefuatana nasi.

"Shikamoo bibi. Hapa paliungua?"

"Marahaba baba. Hao sisimizi. Wamefuata asali."

Kweli, walikuwa bado juu ya pipa, miguu imelowa, wanachora hali ya hewa yao.

Mkaguzi alicheka hadi akakaa chini. Akaeleza kwamba wino wa ng'ambo haukauki kwa sababu una glisarini.

"Hii ya kupaka midomo?" Bibi akafungua pindo la kanga, akatoa kichupa. "Ninayo hapa, mnaniacha nakamua mabibo!"

Tuliichanganya na wino wa shule. Sisimizi wakasusa. Mashine ikabaki.

Siku ile tulicheka wote isipokuwa Mama. Alisimama ameliegemea kasha, amelishika mguu mmoja kwa mikono miwili. Nilidhani jua limemchosha. Nimeelewa juzi tu, huku Masasi nilikopata kibarua cha kusukuma toroli. Bosi alisema kesho hana hakika na kazi, nikajikuta nimekumbatia toroli lake, siliachii.